Kuwekewa Mpira wa Dayalisisi ya Tumbo kwa Matundu Madogo: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa wa Mombasa na Watu wa Nyumbani Kwake

Mgonjwa wa figo akiambiwa atafanyiwa dayalisisi ya tumbo, yaani kusafishwa damu kwa maji yanayotiwa tumboni kupitia mpira, swali lake la kwanza huwa ni kama itauma, na la pili ni bei. Yote mawili ni ya haki. Lakini yapo matatu mengine ambayo hayaulizwi, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayoamua kama mpira utafanya kazi: tundu la kutokea mpira litakuwa sehemu gani ya tumbo, daktari akishaingiza kamera atafanya nini humo ndani, na maji ya kubadilisha yatapatikana wapi mwezi baada ya mwezi. Mwongozo huu unazunguka maswali hayo. Umeandikiwa mgonjwa na yule atakayekaa naye nyumbani, na pale daktari wako atakapokupa amri tofauti kwa sababu ya hali yako, fuata yake.

Mpira wenyewe

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba uitwao peritonia, uliojaa mishipa midogo ya damu. Ukimimina humo maji maalumu yenye sukari na chumvi zilizopimwa, uchafu wa damu na maji ya ziada hupenya utando na kuingia kwenye hayo maji. Baada ya saa 4 hadi 6 unayatoa, unatia mengine. Watu wazima wengi hutumia lita 2 mara 4 kwa siku, chumbani kwao, bila sindano na bila mashine. Mtu wa Likoni anayevuka feri, au wa Mariakani anayedandia matatu alfajiri kufuata mashine ya kusafisha damu kule Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi tunaiita Makadara tu, hahitaji kuelezwa faida ya kubaki nyumbani. Hata hivyo wagonjwa wengi wa Kenya wako kwenye mashine, na dayalisisi ya tumbo bado ni ya wachache. Kwa hiyo usishangae jirani yako mwenye figo akiwa hajawahi kuisikia.

Njia ya maji ni mpira laini wa silikoni. Umbo tunalolitumia leo lilitolewa Marekani mwaka 1968 na Henry Tenckhoff akishirikiana na Harold Schechter, na hadi leo ukiwa wodini utasikia ukiitwa Tenckhoff. Upande wa ndani una vijitundu vingi na ncha iliyonyooka au iliyojikunja. Katikati una kafu mbili, yaani vipete viwili vya kitambaa cha dakroni. Nyama ya mwili huota ndani ya kafu hizo, ikaushika mpira usichomoke na ikaziba njia ya vijidudu. Kuota huko huchukua wiki kadhaa, na masharti mengi utakayoyasoma hapa chini yanatokana na jambo hilo moja.

Njia tatu za kuuingiza, na kamera ina kazi gani

Mpira huweza kuingizwa kwa sindano na waya chini ya dawa ya ganzi, daktari akiongozwa na ultrasaundi au eksirei. Huweza kuingizwa kwa kupasua ukuta wa tumbo sentimita chache na kuangalia kwa macho. Au huingizwa kwa laparoskopi: vitundu viwili au vitatu vya milimita 5 hivi, kamera katika kimoja, vyombo katika vingine.

Laparoskopi si lazima kwa kila mtu. Mwenye tumbo ambalo halijawahi kupasuliwa na ambaye hana ngiri anaweza kuwekewa kwa sindano na akaendelea vizuri. Tena kwa mwenye moyo dhaifu au mapafu mabovu, asiyevumilia dawa ya usingizi mzito, sindano chini ya ganzi ni salama zaidi. Wanaofaidika hasa na kamera ni waliopasuliwa zamani: mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliyetolewa kidole tumbo, aliyetolewa uvimbe wa kizazi. Kila upasuaji unaweza kuacha makovu ya ndani yanayogandanisha matumbo, na hakuna picha ya nje inayoyaonyesha vizuri. Wengine ni wenye ngiri, au mshipa kama wengi wanavyouita, na waliowahi kuwekewa mpira ukagoma.

Sasa, jambo ambalo naona linafichwa na neno la kisasa. Daktari akitumia kamera kwa kuangalia tu mpira unavyoingia, mgonjwa amelipia dawa ya usingizi na matundu ya ziada kwa faida ndogo. Thamani iko katika yale anayoyafanya akishaona: kukata makovu, kuufunga utando wa mafuta usije ukaziba mpira, kuupitisha mpira kwa njia ndefu ndani ya msuli ili usihame, kushona ngiri. Miongozo ya Jumuiya ya Kimataifa ya Dayalisisi ya Tumbo inatenganisha mambo haya mawili waziwazi. Inataka laparoskopi yenye hatua hizo iache zaidi ya mipira 95 kati ya 100 ikifanya kazi baada ya mwaka mmoja, na njia nyingine zote zaidi ya 80.

Hatua ya kwanza: maswali kabla ya kutia sahihi

Nenda na mtu. Mgonjwa wa figo mara nyingi amechoka na kichwa kizito, na anayosikia kliniki husahaulika kabla ya kufika stendi.

Muulize daktari wa upasuaji: ukikuta makovu utayakata papo hapo? Utando wa mafuta utaufunga? Ngiri ukiiona utaishona siku hiyohiyo? Umeshaweka mipira mingapi ya aina hii? Si utovu wa adabu. Sema tu, "Daktari, samahani, naomba nielewe," na daktari mzuri atavuta kiti.

Muulize muuguzi wa figo: nani atanifundisha kubadilisha maji, kwa siku ngapi, na usiku kukiwa na tatizo nampigia nani? Uliza pia wagonjwa wao hupata maambukizi ya tumbo mara ngapi. Kipimo cha kimataifa ni kisichozidi mara 0.4 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani mara mbili katika miaka mitano. Kituo kinachohesabu kitakujibu. Kisichohesabu nacho kimekujibu.

Halafu fedha. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa, NHIF, ilipoondoka na SHA kushika nafasi yake, usikubali kuambiwa "bima italipa" kwa jumla. Tenganisha vitu vitatu: upasuaji, mpira wenyewe, na maji ya kila mwezi. Kila kimoja ulizia kama kina idhini, kwa kiasi gani, na kama hospitali yako imo katika orodha. Kuhusu maji, usiishie kwenye bei. Uliza yanatoka wapi, yanaletwa Mombasa kila baada ya muda gani, na yakichelewa hospitali inafanya nini. Mpira uliowekwa kwa ustadi tumboni mwa mtu asiye na maji ya uhakika ni jeraha tu. Kama jibu la swali hili linayumbayumba, mimi ningesubiri.

Mwisho, iangalie nyumba. Maji ya siku moja ni kilo 8 na zaidi, ya mwezi ni zaidi ya kilo 240 za maboksi, yanayotaka mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na jua. Chumba kimoja cha Majengo chenye watu watano kinaweza, lakini kinahitaji mpango kabla ya siku ya upasuaji.

Hatua ya pili: vipimo na dawa

Hapa hakuna mengi. Utatolewa damu kuangalia wingi wa damu, potasiamu, kuganda kwa damu, homa ya ini aina B na C na virusi vya ukimwi, na mara nyingi utapimwa moyo. Kama uko kwenye mashine, kwa kawaida husafishwa siku moja kabla. Potasiamu ikiwa juu, mtoa dawa ya usingizi atakurudisha nyumbani, kwa hiyo usiku wa kuamkia upasuaji si wakati wa madafu.

Taja kila dawa unayotumia. Za kuyeyusha damu kama warfarini na klopidogreli huhitaji mpango wa siku kadhaa. Insulini ya asubuhi hupunguzwa kwa sababu hutakula. Dawa za presha, nyingine humezwa kwa funda la maji na nyingine huachwa, uliza ipi ni ipi. Na kama kuna mizizi au majani unayochemsha, sema. Ukigombezwa sasa, si kama utakavyogombezwa baada ya kutokwa damu.

Hatua ya tatu: kuchorwa alama

Hatua hii huchukua dakika kumi na tano na hurukwa mara nyingi kuliko zote. Isirukwe. Ukilala mezani, tumbo hutambaa likawa tambarare, na mahali panapoonekana pazuri ukiwa umelala huweza kuwa ndani ya mkunjo wa nyama ukikaa. Tundu lililo mkunjoni hulowa jasho kutwa, husuguliwa, na mgonjwa hawezi kuliona akalisafisha. Katika joto la kaskazi la Mombasa, tundu kama hilo linatafuta usaha.

Kwa hiyo alama huchorwa kabla ya siku ya upasuaji, ukiwa macho, kwa kalamu isiyofutika, na huangaliwa ukiwa umelala, umekaa na umesimama. Daktari au muuguzi huulaza mpira juu ya tumbo lako, sehemu iliyojikunja ikiwa sawa na mfupa wa kinena, kisha huona kafu ya ndani inaangukia wapi. Hapo ndipo mpira utakapoingilia. Kutoka hapo huchora njia ya chini ya ngozi hadi tundu la kutokea, likielekea chini au pembeni. Tundu likitazama juu hukusanya jasho na maji ya kuoga.

Njoo na nguo zako za kila siku, si za kutokea. Nguo za hospitali hazina la kusema hapa. Mazungumzo yanayofaa huenda hivi:

"Mzee, kikoi chako hukifungia wapi?"

"Hapa, chini ya kitovu."

"Hebu kaa kama unavyokaa barazani."

Anakaa, kikoi kinateremka vidole viwili, na tumbo linalala juu ya fundo. Muuguzi anachora mstari pale fundo lilipo sasa, si pale lilipokuwa. Tundu litakaa juu ya mstari huo au chini yake, mbali na msuguano.

Kwa kina mama ni leso ya kiunoni, na rinda lenye lastiki, hasa lile la ndani linalofunikwa na buibui ambalo mtu husahau kulitaja. Mwambie muuguzi ukweli kuhusu yote. Anayebeba mtoto ubavuni aseme ubavu upi. Kondakta au dereva wa tukutuku aonyeshe mkanda wa pochi unapokaa. Halafu inamisha kichwa uangalie alama: ukiiona vizuri bila kuinua nyama kwa mkono, inafaa. Kwa mwenye tumbo kubwa sana ipo mipira mirefu ya kuunganisha inayoruhusu tundu kutokea juu ya kitovu au hata kifuani. Kama daktari hajaitaja, iulizie.

Alama zikianza kufifia kwa kuoga, zirudishie kwa kalamu mwenyewe. Ni zako.

Hatua ya nne: siku moja kabla

Utumbo uliojaa choo huusukuma mpira, hubana vijitundu vyake na huongeza hatari ya kutobolewa. Utapewa dawa ya kusafisha tumbo. Tumia uliyopewa tu. Haluli ya chumvi ambayo bibi zetu walikuwa wakitunywesha ina magnesiamu, na figo iliyochoka haiwezi kuitoa mwilini. Enema za fosfeti nazo zina hatari kama hiyo. Mtu akikuletea ya dukani kwa nia njema, mshukuru na uiweke.

Oga usiku na asubuhi kwa sabuni ya klorheksidini kama umepewa. Nywele za tumbo usizinyoe kwa wembe. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana inayokaribisha vijidudu, na hospitali itazipunguza kwa mashine ya umeme kama kuna haja. Chakula acha saa 6 kabla, maji matupu saa 2, isipokuwa kama hospitali yako imesema vingine.

Hina ya kucha iache kwa sasa. Kipimo cha oksijeni hubanwa kidoleni na rangi nzito huweza kukitatiza.

Hatua ya tano: ndani ya chumba cha upasuaji

Nenda chooni, toa mkojo wote, ama utawekewa mpira wa mkojo kwa muda. Utachomwa antibayotiki moja, mara nyingi sefazolini, ndani ya saa moja kabla ya kisu. Kisha dawa ya usingizi.

Daktari hutoboa tundu la kwanza mbali na makovu yako ya zamani, mara nyingi ubavuni au chini ya mbavu za kushoto, na kujaza tumbo gesi ya kabonidayoksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Tumbo huinuka, ukuta ukaachana na matumbo, na kamera hupata nafasi. Meza huinamishwa kichwa chini ili matumbo yateremke kuelekea kifuani na kuacha nyonga wazi.

Kwanza anazunguka na kamera. Makovu yanayokatiza njia huyakata. Huangalia kinena na kitovu kama kuna ngiri, kwa sababu lita 2 za maji kila siku zitaifanya ngiri ndogo kuwa kubwa. Kisha hutazama omentamu, ule utando wa mafuta uliotajwa juu. Aliyewahi kumchuna mbuzi anaijua: ni ule utando mweupe wa shahamu, kama wavu, unaofunika matumbo. Kwa binadamu wengine ni mfupi, kwa wengine unafika hadi nyonga, na ukifika huko huuzingira mpira na kujisokota ndani ya vijitundu vyake. Ukiwa mrefu, daktari huuinua na kuushona kwa uzi mmoja juu kwenye ukuta wa tumbo. Haukatwi.

Sasa mpira. Haupitishwi moja kwa moja kama msumari ukutani. Daktari hutengeneza njia ya kuteremka ya sentimita 4 hadi 6 ndani ya ala ya ule msuli mrefu ulio pembeni ya kitovu, kisha ndipo huingia tumboni ukiwa tayari unaelekea chini. Njia hiyo ndefu ndiyo inayouzuia usigeuke na kupanda juu. Ncha hulazwa kwenye kina cha nyonga, nyuma ya kibofu. Kafu ya ndani hubaki ndani ya msuli. Sehemu ya nje hupitishwa chini ya ngozi hadi kwenye alama uliyochorwa, kafu ya pili ikibaki angalau sentimita 2 kabla ya kufika tunduni, na tundu lenyewe huwa dogo kiasi cha kuubana mpira. Halishonwi. Uzi kwenye tundu la kutokea ni njia ya vijidudu, na ukiuona wodini uliza kwa nini upo.

Kabla ya kumaliza, gesi hutolewa, hutiwa maji ya chumvi kama lita moja na kuachiliwa yatoke. Yakiingia kwa kasi na kutoka kwa mfululizo, kazi imefanyika. Yakichuruzika, kamera hurudi ndani mgonjwa angali amelala, na hii ndiyo raha ya njia hii: kosa hugunduliwa mezani, si wiki tatu baadaye. Yote kwa kawaida huchukua kama saa moja, zaidi kama makovu ni mengi.

Hatari zipo. Utumbo au kibofu kutobolewa, na kutokwa damu, ni nadra lakini lazima uzisikie kabla ya kutia sahihi. Pia huenda ukaamka na mkato mkubwa kuliko ulioutarajia, kwa sababu daktari alikuta makovu yasiyokatika kwa kamera.

Hatua ya sita: siku kumi za mwanzo

Wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Bega huweza kuuma kuliko tumbo. Ni mabaki ya gesi yanayosumbua kiwambo cha chini ya mapafu, na huisha kwa siku mbili tatu, ukitembeatembea haraka zaidi. Kwa maumivu ni parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni ziache hata kama duka la dawa linakupa bila swali, kwa sababu humaliza nguvu ndogo iliyobaki katika figo, na mkojo wako wa siku hizi ni mali.

Bandeji haiguswi siku 5 hadi 10, isipokuwa imelowa damu au jasho. Si nyumbani, si kwa jirani ambaye ni muuguzi. Ibadilishwe na wauguzi wa figo, kwa glavu safi na barakoa. Iwe ya gozi inayopitisha hewa, kwa maana ile ya nailoni inayobana hugeuza ngozi kuwa jikoni kwa joto letu. Mpira ubandikwe kwa plasta usining'inie wala kuvutwa. Unapogeuka kitandani unaweza kuuvuta usijue, kwa hiyo plasta ziwe mbili.

Usioge kwa kujimwagia. Jipanguse kwa kitambaa, juu na chini ya bandeji. Anayeswali ajiepushe na rukuu na sijda za kawaida kwa wiki za mwanzo, aswali kitini, na kuhusu kupangusa juu ya bandeji wakati wa udhu amuulize sheikh wake. Masheikh wetu wanalijua swali hili.

Usibebe kitu kizito, ndoo ya lita 20 ikiwa ya kwanza katika orodha, kwa wiki 4 hadi 6. Anayekaa Likoni asivuke kwa miguu msongamano wa jioni siku ya kurudi nyumbani. Apate gari, apande nalo feri. Mkohozi nao utibiwe mapema, kwa sababu kila kikohozi huusukuma ukuta uliotoka kushonwa.

Choo kiwe laini kila siku. Hili nitalirudia.

Hatua ya saba: kuanza kuutumia

Kwa kawaida husubiriwa wiki 2 ndipo maji kamili yatiwe, ili jeraha lisivuje. Katikati utaitwa kuosha mpira kwa maji kidogo. Ikibidi kuanza mapema kwa sababu hali ni mbaya, huanzwa na maji machache, mgonjwa akiwa amelala muda wote maji yakiwa ndani, kwani shinikizo la tumbo ni dogo zaidi ukilala kuliko ukikaa. Kuvuja kukitokea, unaacha kutia maji na kusubiri, na mara nyingi huziba wenyewe.

Tundu lenyewe hupona kwa wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo utalisafisha mwenyewe na kulipaka krimu ya antibayotiki, kama mupirosini, kila siku.

Mafunzo hufanyika wakati huu. Mgonjwa asiyeona vizuri au mwenye vidole vinavyotetemeka asione aibu kumleta mwanawe au mke wake ajifunze pamoja naye.

Chumba cha kubadilishia maji, kwa hali halisi ya hapa

Vitabu vinasema: funga dirisha, zima feni, vaa barakoa, osha mikono, kausha. Huyo mwandishi hajakaa Kisauni mwezi wa Machi. Lakini feni lazima izimwe, kwa sababu hurusha vumbi juu ya ncha ya mpira uliofunguliwa. Hila inayosaidia ni hii: izime na ufunge dirisha kwa zile dakika chache za kuunganisha na kuachanisha tu. Maji yakishaanza kuingia au kutoka na viungo vimefungwa, iwashe. Shughuli nzima huchukua nusu saa au zaidi, ila nyakati za hatari ndani yake ni fupi.

Maji ya kuoshea mikono ni jambo la pili. Kisima chenye chumvi hakitoi povu la sabuni, na mtu hudhani amenawa kumbe amelowesha tu. Tenga jerikeni moja la maji baridi ya kununua kwa mkokoteni, lenye kifuniko na bomba dogo, liwe la mikono tu na mtoto asilitumie kwa kikombe. Nawa kwa sabuni, kausha kwa karatasi au taulo safi ya siku hiyo, kisha paka dawa ya alkoholi mikononi na uiache ikauke.

Halafu paka. Wa Mji wa Kale wana haki zao za uraia, lakini chumbani humo hawaingii. Huchezea mpira, huuma mfuko, na yupo kijidudu wa mdomoni mwao, Pasteurella, anayejulikana kwa kusababisha maambukizi ya tumbo kwa wagonjwa hawa hasa. Mlango ufungwe hata wakati maboksi yako peke yake.

Kuogelea baharini kungoje hadi tundu lipone kabisa na wauguzi wakuruhusu, tena likiwa limefunikwa kwa mfuko usiopitisha maji, na lisafishwe mara utokapo. Mabwawa na vidimbwi sahau.

Maji yakigoma, au yakibadilika rangi

Yakitoka polepole, anza na rahisi. Mpira umejikunja chini ya nguo? Klipu imefungwa? Geuka ubavu, simama, tembea. Halafu jiulize mara ya mwisho ulipata choo lini. Kufunga choo ndicho chanzo cha kawaida zaidi cha mpira kugoma, na wengi huja hospitali wakihofia kupasuliwa tena kumbe walihitaji dawa ya kulainisha choo. Ukiona nyuzi nyeupe ndani ya maji, ni protini ya damu iitwayo fibrini, na wauguzi huweza kutia heparini. Yote yakishindikana, eksirei ya tumbo huonyesha kama ncha imehama, na laparoskopi nyingine huweza kuirudisha bila kuuondoa mpira.

Yasiyongoja asubuhi ni haya. Maji yanayotoka yamekuwa na ukungu, kiasi kwamba ukiweka gazeti nyuma ya mfuko husomi. Tumbo linauma, au kuna homa na kutetemeka. Usaha au wekundu tunduni. Maji yanalowesha bandeji. Korodani au ukuta wa tumbo umevimba ghafla. Pumzi inakata kila unapotia maji. Mpira umekatika au kifuniko kimeanguka sakafuni: hapo banza klipu upande wa mwilini, usitie maji, uende.

Maji yenye ukungu usiyamwage. Funga mfuko, utie ndani ya mfuko mwingine, uende nao, kwa sababu maabara huhesabu chembe nyeupe ndani yake na kuotesha vijidudu ili dawa ichaguliwe. Andika saa uliyotia maji hayo na saa yalipotoka. Ukifika mapokezi sema mapema, "Mimi ni wa dayalisisi ya tumbo, maji yangu yamechafuka," maana daktari wa zamu ya usiku huenda hajaona mgonjwa wa aina yako kwa muda mrefu. Namba ya muuguzi wako wa figo iwe kwenye karatasi ndani ya boksi la vifaa, si kwenye simu tu, kwa sababu simu huzima chaji usiku ambao stima imepotea.